Mama Nekesa, Maji Yalifika Viatuni

Mama Nekesa wangu,

Vumilia hati yangu ya darasa la nne, nina habari za Nafula, kitinda mimba wetu. Wamekuja kumposa! Watu wa Matisi, kule Kitale, walijaa sebule yetu ya Kamukuywa mpaka kuku akakosa njia.

Shida ilianza kabla hawajafika. Ndugu yangu Wafula, na ile sauti yake ya kuuza ng'ombe, alinivuta kando: "Nekesa akae kwa jirani kidogo. Wakiona dada mtu akili yake ni ya kitoto, watasema iko kwa damu. Nafula ataachwa."

Nafula alisikia. Akabaki anakunja kitambaa, anakikunjua.

"Na wageni watanawishwa na nani?" nikauliza. "Wewe?"

Kazi hiyo wewe ndiye uliyempa Nekesa. Unakumbuka? Alikuwa anamwaga matone mawili na kukimbia. Ukamwambia, "Mwaga mpaka mtu aseme asante." Kichwa cha mtoto wetu hushika polepole, lakini kikishika jambo, litoe kama unaweza. Mimi nilikuwa nanyamaza makusudi, beseni linajaa, nawe unanifinya hapa juu ya kiwiko: "Mzee, acha utoto!"

Basi wageni walipoketi, Wafula akanitambulisha, ati "Baba Nafula." Tangu ulipoenda wengi huniita hivyo. Wanadhani wananisitiri, bana, kifungua mimba wangu wanamruka kama tope.

Nekesa akaja na jagi. Akafika kwa baba ya kijana, mzee wa suti na kitambi. Mzee akanyoosha mikono, akanigeukia mimi.

"Huyu anasikia?"

"Si yuko hapo mbele yako? Muulize."

Hakumuuliza. Asante pia hakusema. Nekesa akamwaga. Beseni likafurika, maji yakashuka magotini, yakaingia viatuni. Mzee akaruka! Wafula akashika kichwa. Mimi nilitaka kucheka, lakini nikaona uso wa Nafula, kicheko kikaniishia.

Ni Nafula aliyesimama, akamgeukia mgeni. "Baba, huyo ni dada yangu mkubwa. Anangoja useme asante."

Mzee akatazama viatu vyake, halafu akamtazama Nekesa, mara ya kwanza tangu aingie.

"Asante, mama. Unaitwa nani?"

"Nekesa. Karibu chakula." Akampa taulo.

Mzee akaanza kucheka, kitambi kikacheka naye. "Kumbe msemaji wenu ametudanganya! Huyu si Baba Nafula. Baba Nekesa, hebu tuendelee."

Wafula aliinamia sahani yake ya kuku. Posa imepita.

Jana jioni Nekesa alininawisha. Nikanyamaza, utundu wangu ule ule. Maji yakajaa, yakaanza kumwagika sakafuni, na hakuna wa kunikemea. Akaniangalia. Halafu akaweka jagi chini na kunifinya, hapo hapo juu ya kiwiko.

Nikasema asante. Mara mbili.

Pumzika, mpenzi. Sisi tupo.

Mzee wako asiyekomaa,
Baba Nekesa