Nimemfanya Don Evaristo Ayatilie Shaka Masikio Yake

Shangazi Hortensia, nisaidie, maana hapa mjini Valdivia sina wa kumwambia. Naitwa Rosenda, nina miaka arobaini na moja, nafanya kazi maktaba, na nje ya kazi najitolea katika Caracola, programu huria ya kompyuta inayowasomea kwa sauti watu wasioona, ambayo haiuzwi, sisi wenyewe wa nchi mbalimbali ndio tunaoitengeneza na kuijaribu, na mwaka huu Ximena wa Córdoba, anayeongoza kazi nzima, aliniomba nipange majaribio ya toleo jipya kabla watu hawajapewa.

Nilipanga kwa raha zangu zote, Shangazi. Nilichora jedwali la majaribio themanini na manne, nikalitia rangi, nikapata wajitoleaji kumi na tisa kuanzia Arica kaskazini mpaka Castro kusini, kila mmoja na fungu lake, nikawa nalitazama jedwali langu kama mtu anavyotazama bustani, ila sikuwauliza wana kompyuta za aina gani wala nani ana nafasi lini, na mvua za Juni zilipoanza wakapukutika, huyu mtoto anaumwa, yule amehama, hadi nikabaki na majaribio kumi na moja yasiyo na mwenyewe. Nikasema nitayafanya mimi. Alasiri maktaba haina watu, mto umefunikwa na ukungu, jiko la kuni linanguruma taratibu, nami navaa spika za masikioni naiacha Caracola inisomee, na ile sauti ina upole wa ajabu, inaniingia kama maji ya vuguvugu, naona vyumba nisivyovijua, naona watu katika miji ya mbali wameinamisha vichwa wanasomewa barua walizozingoja miaka, naelea nao, na nikizinduka ukurasa umekwisha, sikusikia hata neno. Basi naandika "limepita." Mara kumi na moja niliandika hivyo.

Jumatatu akanipigia Don Evaristo wa Niebla, mjaribu wetu mkongwe kuliko wote, haoni tangu utotoni, na maisha yake yote alikuwa akirekebisha sauti za piano.

"Binti yangu," akasema, "huyu Caracola wetu anaimeza nukta kwenye namba. Nimempa karatasi ya dawa ya mke wangu Uberlinda, mililita mbili nukta tano, ananisomea ishirini na tano."

Lile lilikuwa mojawapo ya yale kumi na moja.

"Lakini Don Evaristo," nikasema, "jaribio la namba si limeshapita?"

"Nani kalipitisha?"

"Mjitoleaji mmoja."

"Basi itakuwa kompyuta yangu, imezeeka kama mwenyewe. Au masikio. Nisamehe kwa usumbufu, binti. Pengine niwaachie vijana kazi hii."

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Pumzika tu, Don Evaristo." Toleo linatoka Jumamosi, Ximena ameshaandika mbele ya wote kwamba mimi ndiye ukuta wao wa kuzuia makosa, na najiuliza, je, nikinyamaza likatoka kisha tukalirekebisha kimyakimya wiki ijayo, kuna atakayejua?

Rosenda, Valdivia

*

Barua hii ilinifikia Jumanne. Nilimjibu Rosenda siku ileile, maana gazeti lenye safu yangu hii ya ushauri hutoka Jumapili, na toleo lao lingekuwa limeshatoka.

Rosenda, kwanza kunywa kitu cha moto. Umekunywa? Sasa nikuseme.

Kupotelea katika sauti nzuri si kosa, nami hupotelea nikimenya viazi. Wajitoleaji kukukimbia si kosa pia, watu wana maisha yao. Kosa ni kuandika "limepita" kwa kitu usichokisikia. Na baya zaidi, mzee alikuletea ukweli mkononi, ukamrudishia, ukamwambia akapumzike! Unauliza nani atajua? Atajua mke wa mtu atakayenyweshwa dawa mara kumi ya kipimo chake. Una wiki moja ya kuona haya, yeye ana nini?

Fanya hivi. Mpigie Don Evaristo kabla ya Ximena, kabla hujamaliza hata kusoma hapa. Mwambie yeye ndiye aliyesikia sawasawa na kwamba yule "mjitoleaji mmoja" ni wewe. Usijitetee kwa mvua na ukungu. Kisha waandikie wenzako wote, taja majaribio yote kumi na moja moja baada ya jingine, uombe toleo lisogezwe. Watanuna, wanune. Halafu jedwali lako la rangi lifunge. Chagua siku moja, waite walio tayari tu, kila jaribio watu wawili, na pale penye "limepita" mtu aandike kwa maneno yake alichokisikia. Wewe usijaribu peke yako tena, unasinzia macho wazi.

Hortensia

*

Ijumaa Rosenda aliniandikia tena, nami naiweka hapa kwa ruhusa yake:

Shangazi, Ximena alikasirika, kisha akalisogeza toleo wiki tatu. Ukuta hakuniita tena. Lakini Don Evaristo nilimpigia kwanza, kama ulivyosema, nikamwambia yote nikilia. Hakunigombeza. Akasema tu, "Ngoja hapohapo, usikate." Nikasikia kiti kikiburutwa, nikasikia hatua zake zikienda mpaka jikoni, na sauti yake ikapaa nyumba nzima: "Uberlinda! Uberlinda we! Masikio yangu mazima!"