Nyayo Juu ya Shimo la Sileji

Kaka yangu mpendwa,

Huku tupo, tunasukuma siku. Yule ng'ombe wako, Kiburi, amezaa ndama jike, mkaidi kama mama yake.

Baada ya mavuno tulijaza shimo la sileji, akiba ya lishe ya ng'ombe ya kiangazi: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maganda ya migunga yaliyopondwa, na molasi kidogo. Baba alikataa kusaidiwa kukanyaga. "Hewa ikibaki humo, yote yataoza," alisema, akazunguka na mkongojo wake mpaka yakashikamana. Tukafunika kwa turubai, tukamwaga udongo mbichi juu, nao akaukanyaga. Wiki hiyohiyo tukamzika. Ulisema kazini hawakukupa ruhusa, sikuulizi.

Sasa nyasi zimekwisha na sileji imeiva, lakini Mama hataki shimo lifunguliwe. Udongo umekauka na nyayo za Baba zimo, wazi kabisa, na alama za mkongojo kando. Nikishika jembe, anakuja kuketi mbele yangu. Kiburi amekonda, maziwa hayamtoshi hata ndama wake.

Jana nilimwuliza Mama tufanyeje. Akasema, "Aje mwanangu, akanyage kwanza kando ya baba yake. Ndipo nitainuka."

Jembe nimeliegemeza ukutani.

Mdogo wako