Likizo ya Wiki Tatu

Temeke, 3 Machi 1952

Mwanangu Mwinshehe,

Salamu nyingi. Hujambo na baridi ya huko milimani? Sie huku wazima, ila mguu wangu unauma.

Mwanangu, nakuandikia habari ya mkeo Somoe. Mwaka wa sita huu. Kila mwaka unakuja likizo wiki tatu, ukiondoka naanza kuhesabu siku, kisha naona vitambaa vyake vya mwezi vimeanikwa uani. Dawa za miti amekunywa mpaka akatapika. Nataka mjukuu kabla sijafa. Mwache, nikutafutie mwingine.

Mie mamako,
Mwanabaraka

Kambi ya Kondoo, milimani Mbeya, 21 Machi 1952

Mama, shikamoo. Mie mzima. Mguu ukandwe kwa maji ya moto.

Nimekubali. Talaka moja nimeiandika, imo humu. Umpe kwa upole. Vyombo vyote achukue.

Mwanao,
Mwinshehe

Kambi ya Kondoo, 9 Novemba 1952

Mama, shikamoo. Afya yangu njema, lakini moyo hautulii.

Mwaka huu tuliletewa kondoo dume kumi na wawili kutoka nchi ya chini. Walikaa na majike miezi minne, hakuna aliyeshika mimba. Bwana mifugo akapima mbegu zao kwa hadubini, akaniita. "Tazama, Mwinshehe. Hazitembei." Akasema hewa ya huku juu ni nyepesi, na baridi hii, vyote vinaziua mbegu. Tukawateremsha bondeni pamoja na majike. Mwezi wa kwanza, bure. Wa pili ulipokatika ndipo majike wakaanza kushika mimba.

Nikamwuliza, "Na mtu, bwana?" Akacheka. Aliponitazama usoni akaniuliza nikishuka kwa mke wangu nakaa muda gani.

Mama, likizo yangu ni wiki tatu.

Nenda kwa kina Somoe, Mbagala. Mwambie kosa huenda lilikuwa langu. Eda imeisha, najua, tutafunga ndoa upya. Kazi nimeacha, mwisho wa mwezi ujao nashuka.

Mwanao,
Mwinshehe

Temeke, 2 Desemba 1952

Mwanangu Mwinshehe,

Nakusalimu, na sijui nianzie wapi.

Somoe aliolewa mwezi wa saba na Kondo, fundi seremala wa hapo hapo Mbagala. Ana mimba ya miezi minne.

Hata hivyo nilikwenda, maana uliniagiza. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa halikuwa lako. Mwinshehe mwenyewe kaandika." Akaendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuja, mama. Ila usiyaseme haya mbele ya watu, Kondo asije akadhani bado namkumbuka Mwinshehe." Machozi yalikuwa yanamtoka. Akanisindikiza hadi Barabara ya Kilwa, kanibebea na mkoba.

Talaka ile nilimpa mwenyewe, Mwinshehe. Wala sikumpa kwa upole ulionambia.

Wazazi wa yule binti niliyekuposea nimewaambia wasitungoje. Njoo tu mwanangu. Ukae hapa nyumbani, hata kama husemi nami.

Mamako,
Mwanabaraka