Mama Ameuliza Kama Niliugeuza

Jumamosi, nyumbani Ilembo

Bado najicheka. Wiki tatu naulaumu mtambo wa chuo bure! Uzi wangu wa plastiki unaopitisha mwanga, niliouchoma kwa leza ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, ili uhisi kupinda, ukipindia kulia unasoma vizuri. Kushoto, kimya.

Leo nimemsimulia mama tukianua mihogo. Akauliza, "Uliugeuza?"

"Kuugeuza vipi, mama?"

"Mihogo nisipoigeuza, jua linaikausha upande mmoja. Na wewe na digrii zako mbili ukauacha umelala tu?"

Niliuacha. Leza imeubadilisha upande mmoja.

Nikirudi chuo naanza upya, nikiuzungusha. Naogopa tu msimamizi wangu atauliza wazo nimelitoa wapi, na mama keshanikataza kusema ni langu.