Kijiti Mbele ya Mtakatifu

Jovy, weka hiyo sahani chini usome. Nimeumbuka!

Si unajua Rodel anavyonidai mtoto wa tano, mama yake akaapa kunipeleka kanisa la Obando nikamchezee mtakatifu ngoma ya kuomba uzazi? Leo ndiyo leo. Na jana nilipita zahanati kimyakimya, nikawekwa kijiti cha kuzuia mimba mkononi.

Nacheza, nimeinua mikono kama wenzangu, mara mkono wa blauzi ukashuka. Bandeji hiyo nje! Mbele ya mtakatifu, Jovy! Mbele ya mama mkwe!

Akanikokota hadi nyuma ya wauza mishumaa.

"We mwanamke, hicho si kijiti?"

Nikamwambia nimeumwa na mbu.

"Mbu wa kufungiwa bandeji?"

Akauvuta mkono wa blauzi yangu, akaifunika bandeji vizuri.

"Rodel alisema nikulete ucheze. Umecheza. Twende tukale."

"Lakini Mama, si wewe unayesema watoto ni kudra ya Mungu?"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza ngoma.

"Na wewe ukaamini! Miaka ishirini nilificha vidonge kwenye debe la mchele. Unadhani huyo Rodel wako kakosa ndugu kwa kudra ya nani?"