Mapigo Manane ya Clive

Rotherham,
11 Novemba 1969

Dada Enid,

Salamu nyingi, na pole na baridi. Kifua chako kinaendeleaje, na je, Mama bado anagombana na paka wa jirani? Mimi mzima, isipokuwa tumbo, ambalo hii wiki ya tatu linaishi kwa chipsi na njegere za kupondwa.

Umeandika kwamba umesikia uvumi kuhusu bendi, na kwamba Jumamosi unakuja Sheffield kujisikilizia mwenyewe. Kabla hujakata tiketi, soma hadi mwisho.

Bluzi yetu unaijua: Gordon anaimba mstari, ananyamaza, na gitaa la mumeo Clive linamjibu kwa mapigo manane. Clive alipofariki mwezi Februari, hakuna aliyethubutu kuyajaza. Gordon akinyamaza, mimi na besi yangu na Nev na dramu zake tunaendelea kupiga polepole, tukisubiri kama watu walioachwa na basi. Amplifaya ya Clive tukaiweka mahali pake jukwaani, imewashwa, kwa heshima. Magazeti yakaandika kwamba tumevumbua mtindo mpya wa roki. Hatukuvumbua kitu, tulikuwa tumefiwa tu. Santuri iliyofuata ikauzwa kuliko zote tulizopiga naye.

Mwezi uliopita, kule Barnsley, Gordon akajibiwa na amplifaya ile. Noti tatu, zikiteleza vilevile Clive alivyozitelezesha kwa ile shingo ya chupa ya dawa ya kikohozi aliyoivaa kidoleni. Nev akasema ni redio za teksi zinaingia kwenye mitambo. Gordon akamuuliza, we Nev, tangu lini madereva wa teksi wa Barnsley wakajua bluzi? Nev akasema wanaijua kumshinda Gordon. Tukacheka. Doncaster zilikuwa noti saba, na hakuna aliyecheka. Juzi Leeds jibu lilitoka kabla Gordon hajafungua mdomo. Alishuka jukwaani, akaniambia kwamba huyo jamaa hamjibu yeye, anasema na mtu mwingine. Sikumuuliza ni nani.

Dada, tulikwambia Clive alitoka mazoezini siku ile akipiga mluzi. Si kweli. Tulimfukuza. Kulikuwa na mpiga gitaa wa London mwenye vidole vyepesi kuliko vyake, ambaye mwishowe hata hakuja. Nev alitaka Clive abaki, Gordon akakataa, kura ya tatu ikawa yangu. Clive hakubisha. Aliniuliza tu kama wewe unajua. Nikamwambia unajua, na umekubali, ili yaishe haraka. Akaiacha amplifaya, akaondoka kwa miguu kwenye ukungu, na lile lori likamkuta barabarani akiamini hivyo.

Ukitaka tuivunje bendi, tutaivunja. Ukija Jumamosi, mwambie Clive wewe mwenyewe kwamba hukujua. Mimi hatanisadiki tena. Wala usihangaike kutafuta mtu wa kukuwashia amplifaya. Kule Leeds niliuchomoa waya wake wa umeme kabla hatujaanza.

Mbusu Mama, umwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Roy Tunnicliffe