Makala Ambayo Hakuna Aliyeimaliza

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Nimefungua maktaba ya chuo na shali mbili shingoni. Umeme umekuja, mtandao wetu haukuja. Wanafunzi wamejaa hata hivyo, kila mmoja na simu yake, wanaokota chochote wanachokikuta. Nimewapigia kelele kama kawaida: nani kaandika? Nani kahakiki? Wananiita Mama Nani-Kaandika. Najua. Sijali.

Mchana kaja Mado, binti wa Pweto, kule ziwani, mama yake anauza samaki wakavu. Anatetea tasnifu wiki ijayo: moshi peke yake unatosha kuzuia wadudu kwenye samaki. Msingi wote ni makala moja. Profesa wake anataka kuiona. Mado mwenyewe hajawahi kuiona. "Mama, bakubwa bote baliiandikaka." Yaani wote waliomtangulia waliitaja. Ndiyo desturi yao: mwanafunzi mkubwa anamwachia mdogo tasnifu yake, mdogo ananakili marejeo yalivyo.

Jumatano, 11 Juni

Mtandao umerudi. Nimeingia kwenye hifadhidata za makala ambazo chuo kimeruhusiwa kuziingia juzijuzi. Kwa kichwa cha makala, hakuna kitu. Mado akaanza kung'ata kucha. Nikajaribu jina la mwandishi, kisha samaki na moshi kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza. Hiyo hapo! Zamani ungeonyeshwa muhtasari tu, mengine yamefungwa. Sasa ipo nzima.

Tumeisoma bega kwa bega. Katikati tukakuta kwamba samaki wote wa jaribio walitiwa chumvi kwanza. Muhtasari hausemi hivyo. Mama yake Mado hatii chumvi, wala wanawake ambao tasnifu inawashauri. Mado karudi juu, kaisoma tena ile aya. Nimemwonea huruma mno.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetaka kujua kosa lilianzia wapi. Nikafuata tasnifu rafuni, hii inaitaja ile, ile inaitaja iliyoitangulia. Ya kwanza kabisa ni ya Hilaire.

Hilaire wangu. Mume wangu, Mungu amrehemu.

Nimekaa chini sakafuni. Hasira. Haya. Kwa nini hakuandika kwamba alisoma muhtasari tu? Nimeirudisha mahali pake. Simwambii mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Profesa kaelezwa yote, kamwambia Mado aonyeshe kosa lilikotoka, la sivyo jopo litadhani kalitunga mwenyewe. Kaja kwangu na macho mekundu. Mimi najua jibu na nimekaa kimya kama jiwe! Nimejichukia.

Nimemwekea tasnifu ya Hilaire mikononi. Kasoma jina, kaniangalia, kaushika mkono wangu. Halafu kazi. Jumamosi tunafunga mapema, lakini leo sikufunga. Tumepata makala nyingine, za samaki wasiotiwa chumvi, na hizi tumezisoma hadi mwisho. Anaandika upya sura nzima. Mtoto ana moyo.

Jumanne, 17 Juni

Ametetea. Nilikaa nyuma kabisa. Kaeleza kosa bila kupepesa macho, kataja jina la Hilaire kwa heshima. Mzee mmoja wa jopo kauliza kwa kejeli, huyo bwana aliyewapoteza wote ni nani hasa? Nilitamani ardhi inimeze.

Mado kaanza kujibu kwa Kifaransa, kisha Kifaransa kikamwishia. "Yeye njo alianza kutafuta, Papa. Alifika fasi mulango ulifungwaka. Shiye njo hatukurudia kuangalia."

Yaani yeye alifika mahali mlango ulipofungwa; sisi ndio hatukurudi kuangalia. Mzee kainamisha kichwa, kaandika kitu. Amepita, na vizuri. Nimelia mbele ya watu, leso nimeisahau nyumbani, nimejifuta na shali.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Kisha nyumbani, peke yangu. Nilikuwa nimeichapa ile makala. Nimeisoma kwa sauti mezani, kutoka mwanzo, polepole, nikitazama upande aliokuwa akikaa Hilaire. Kwenye chumvi nilisimama kidogo. Nikaendelea mpaka mstari wa mwisho.

Angebishana na hitimisho. Najua hata ni wapi angenikatiza.